Nani Kawatuma Askari wa Mwili Wangu

Watu wakiniuliza naumwa nini, nawajibu naharisha damu, tena nawatazama usoni. Aibu niliiacha chooni zamani.

Ilianza mwanangu akiwa bado ananyonya. Huku kwetu Keza kuharisha ni amiba, basi nikapewa dawa za amiba. Nikatulia kidogo, ikarudi, nikapewa zilezile. Nikienda kupalilia maharage nilikuwa nashika upande wa karibu na nyumba ili niwahi choo, na kuna siku sikuwahi. Jirani aliniona nikianika khanga, akapaza sauti kutoka njiani: "Dada, kila siku kufua, umejifungua mapacha bila kutuambia?" Nikacheka naye. Ningefanyaje?

Biharamulo hospitali walinipa rufaa, na huko nilikopelekwa wakaniingiza kamera kwa njia ya nyuma. Baba mtoto alikuwepo daktari alipotueleza. Utumbo mpana umevimba, una vidonda. "Hukuambukizwa na mtu," akasema. "Askari wa mwili wako, wale wa kupigana na vijidudu, wamegeuka wanaushambulia utumbo wako mwenyewe. Kwa nini, hatujui vizuri. Kupona kabisa kwa dawa hizi hakupo, ila zinatuliza. Ukipata nafuu usiziache. Na mtoto mnyonyeshe tu."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, mjinga mimi. Angalau ugonjwa una maelezo. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, nikamsimulia yote kwa Kihangaza, neno kwa neno.

"Askari wa mwili wako wamekugeuka," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na daktari hajui kwa nini."

"Hajui."

"Mimi najua. Askari hageuki bila kutumwa. Kule kwenye ubatizo, pombe ulivuta kwa mrija wa nani?"

Kwetu kwenye sherehe pombe ya ndizi inanywewa kwenye kibuyu kimoja, mrija unapita mkono hadi mkono. Ukikataa, umemwambia mwenye nyumba kuwa ni mlozi. Nilivuta kama wote.

"Mrija ulikuwa wa kila mtu, mama."

"Umeona sasa?"

Nilimaliza kidato cha nne. Baiolojia nilifaulu. Na kwa baiolojia hiyohiyo nikawa nimethibitisha kwamba nimelishwa sumu! Kila nilichoongeza kilikwenda upande wake. Vidonda? Sumu inachubua. Ugonjwa hauponi? Ni kwa sababu sumu haijatapishwa! Nikatamani daktari angesema tu ni amiba.

"Sumu inashuka kwenye maziwa," mama mkwe akasema. "Mtoto ataachishwa. Nitampeleka Bisibo kwa shangazi yake."

Nikamgeukia baba mtoto. "Ulikuwepo. Si daktari alisema ninyonyeshe?"

"Alisema." Alikuwa anachokonoa tope kwenye soli ya kiatu. "Lakini mama naye amelea watoto."

"Na mimi nalea mbuzi?"

Akaendelea kuchokonoa tope. Huyo ndiye mume wangu.

Asubuhi bodaboda akaja. Mama mkwe akapanda nyuma, mtoto kamfunga mgongoni kwa khanga yangu mimi. Nilishaamua: nitasimama mbele, nitashika usukani, na wanikanyage wakitaka. Nilikuwa natembea kuelekea pale, nimefika karibu kiasi cha kuona kimguu kinaning'inia, tumbo likakata. Wenye ugonjwa huu wananielewa. Halikuombi ruhusa, wala halikupi nafasi ya kumalizia sentensi. Nikageuka, nikakimbilia choo.

Nikiwa nimechuchumaa nikasikia pikipiki inapigwa kiki, inagoma. Ikapigwa tena, ikagoma. Nikaomba Mungu isiwake. Mtoto akaanza kulia, na maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha blauzi yote.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Ngojeni, natoka!"

Sikuweza kutoka. Nilijaribu kuinuka, tumbo likanirudisha chini.

Pikipiki ikawaka. Nikausikiliza mlio wake ukishuka kuelekea barabara kubwa, kilio cha mwanangu ndani yake, mpaka nikashindwa kutofautisha kipi ni kipi.

Nilipotoka, baba mtoto alikuwa amesimama nje ya choo, kashika kopo la maji.

"Nawa," akasema.

Mtoto yupo Bisibo mpaka sasa. Dawa nameza kila siku. Asubuhi ile nilitaka kummwagia yale maji usoni, lakini mikono yangu ilikuwa michafu, na maji yalikuwa hayo tu. Nikanawa.