Redio Niliyoing'oa Ili Mikono Ipate Joto

Mtanisamehe kwa mwandiko wangu, na kama kuna herufi nimeziruka. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika mara chache kuliko usukani wa pikipiki. Naandika polepole, lakini nitafika.

Mimi ni bodaboda hapa Sumbawanga, kijiwe cha Milanzi. Abiria wangu wa kudumu ni mama mmoja anayeuza samaki. Alfajiri nampeleka Matai, anawahi migebuka, samaki wa ziwani wanaopanda kutoka Kasanga, tunarudi na ndoo zake. Mwezi wa saba njia ile ina upepo unaokata masikio. Madereva wengi tunavaa soksi mikononi.

Asubuhi moja ng'ombe walivuka barabara mbele yetu. Nikataka kushika breki, vidole vikakataa. Vilikuwa vimekufa ganzi, na soksi ikateleza. Tukaingia kwenye majani, tukasimama bila kuanguka. Mama akashuka, akakung'uta kitenge chake.

"Mwanangu, leo Mungu ametuonea huruma. Ukija tena na mikono ya barafu, natafuta dereva mwingine. Nina wajukuu wa kulea."

Mimi si mtu wa maneno. Wenzangu wanaita abiria kwa kelele. Mimi nilikuwa nimefunga redio na spika, na taa za rangi pembeni, muziki uite badala yangu. Yule mama ndiye abiria pekee niliyemzoea. Nikaapa simpotezi.

Dukani mjini nikapata gripu za joto, zile zinazovishwa kwenye usukani, zenye waya ndani. Nikazifunga mwenyewe kijiweni, waya moja kwa moja kwenye betri.

"Oya mshikaji, hapo unachemsha chai?" dereva mmoja akapiga kelele.

"Mwache, leo anatuchomea mahindi," mwingine akadakia.

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuzungusha tepu nyeusi.

Zilipata moto kweli. Lakini kesho yake alfajiri, mama amekwisha kufika na ndoo zake, starta ikalia kidogo ikanyamaza. Gripu zilikuwa zimelala zikiwaka, maana kuzima ufunguo hakukuzizima. Nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka, ndipo injini ikakubali. Gripu zenyewe zilikuwa baridi kama bomba la maji. Nilikwenda polepole kwa kuogopa, tukakuta samaki wazuri wamekwisha.

"Nakupa safari moja tu," mama akasema.

Mchana ule ule nikaenda kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hii ni pikipiki au ukumbi wa disko?"

Akanionyesha kwamba gripu zichukue umeme kwenye waya unaoupata pale tu ufunguo unapowashwa, na fyuzi ikae katikati. Kisha akagonga spika kwa bisibisi.

"Betri hii ndogo. Hailishi redio, mapambo na gripu kwa pamoja. Chagua."

Nilikaa nikiitazama ile redio. Bila hiyo ningelazimika kuita abiria kwa mdomo wangu. Nikamwomba bisibisi, nikaing'oa mwenyewe. Taa za rangi zikafuata.

Safari iliyofuata mama alishangaa ukimya.

"Redio imekufa?"

"Nimeitoa, mama. Shika hapa."

Akaweka kiganja kwenye gripu. "Heh! Kama tumbo la kuku anayeatamia!"

Mbele ya safari, mteremkoni, mbuzi akakatiza ghafla. Vidole vikaitika. Pikipiki ikasimama taratibu, hata ndoo hazikugongana. Nyuma yangu nikasikia mama akicheka.

"Jumamosi saa ile ile," akasema.

"Nitakuja kukugongea mlango," nikamjibu.

Tuliporudi kijiweni niliita abiria kwa sauti yangu. Ilitoka kama ya mgonjwa, wenzangu wakashika mbavu, lakini abiria mmoja alikuja.

Limebaki jambo moja. Waya wa upande wa mkono wa mafuta unajikunja kila ninapozungusha gripu kuongeza mwendo, na naogopa utakatika. Ninyi mnaoendesha kwenye baridi, Njombe au Makete, mnaupitisha wapi? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Ningependa kujua kabla haujakatika na mama nyuma yangu.