Kiti cha Mama Nyuma ya Pazia la Fundi

Mama yetu alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na hata nyumbani alinukia mvuke na wanga. Nikifumba macho sasa namwona ndani ya mvuke ule, anatokeza na kupotea, akikunja mashuka ya watu kana kwamba anakunja mawingu. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chifu, alizaliwa na ulemavu wa akili. Ni mtu mzima, ndevu zake zimeanza kuota mvi, anapenda shati lililonyooshwa, na maneno yake ni machache. Moyo wa Mama ulipoanza kumsumbua, hakuogopa kufa. Alikuwa mtu wa sala. Kifo alikitaja kama mtu anayekwenda kumtembelea dada yake. Aliogopa asubuhi moja tu, ile ambayo Chifu angeamka na yeye hayupo.

Basi akaanza kutokuwepo kidogo kidogo.

Kwanza alituita sebuleni: mimi, Mjomba, na fundi cherehani ambaye kibanda chake kimepakana na nyumba yetu.

"Nyie ndio mtakaobaki naye," alisema.

Mjomba akashangaa. "Dada, ndugu tumejaa tele, halafu unamleta fundi?"

"Hao ndugu wakija, Chifu anajificha jikoni. Nimemuuliza mwenyewe anawataka akina nani. Chifu, waonyeshe."

Kaka akatushika mkono mmoja mmoja, taratibu: mimi, fundi, na Mjomba mwishoni.

"Umeniweka mkiani, mpwa wangu?"

"Unapiga kelele," Chifu akamjibu.

Tulicheka hadi fundi akafuta machozi kwa utepe wake wa kupimia.

Tukagawana kazi. Mjomba alijifunza kumnyoa bila kumgusa sikio. Fundi alijifunza kula naye mchana bila kumharakisha. Mimi nilipewa vidonge vyake vya kifafa, na sala kabla ya kuzima taa. Kisha Mama alikuwa akijifunga mtandio na kusema, "Naondoka, Chifu. Baki na wenzako." Wala hakwenda mbali. Alizunguka uani, akaingia kwa fundi, akakaa kwenye kiti nyuma ya pazia la kujaribia nguo, sikio lake kwenye ukuta wa mbao. Akiridhika, alirudi mlango wa mbele. "Hodi! Nimerudi." Na Chifu alimpokea mkoba huku akicheka.

"Dada, unafanya mazoezi ya kufa kama kwaya," Mjomba alimtania.

"Bora nifanye. Siku yenyewe hakuna kurudia."

Siku yenyewe ikaja. Tulimzika, na tukafanya kama alivyotufundisha. Chifu alinyolewa, akavaa shati, akatulia. Waombolezaji wakamsifu. Kisha akachukua stuli, akaiweka mlangoni, akakaa. Fundi alipoleta chakula, alitikisa kichwa.

"Mama anakuja," alisema.

Tulifanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa hilo. Kila alipoondoka, Mama alirudi. Sisi wenyewe tulikuwa tumemzoesha kumsubiri.

Alikataa chakula, akakataa na vidonge. Kesho yake bado alikuwa kwenye stuli, nami nilijua kifafa hakingekawia kumwangusha.

"Apelekwe kituo cha kulelea walemavu," alisema Shangazi, mmoja wa ndugu waliokuja msibani. "Hamtamuweza."

"Nani kamuuliza Chifu mwenyewe?" Mjomba akafoka.

Nikachuchumaa mbele ya Chifu. "Kaka, Mama amefariki. Harudi." Akanitazama kama mtu anayesikia habari za mvua ya mji mwingine. Nikamwomba Mungu, bila maneno, maana sikuwa nayo.

Alasiri Chifu akainuka. Akatoka, mimi na fundi nyuma yake, akazunguka uani, akaingia kwa fundi na kwenda moja kwa moja kwenye pazia. Kiti kilikuwa palepale, mtandio wa Mama ukining'inia mgongoni mwake.

"Kumbe alijua siku zote," fundi akaninong'oneza.

Chifu akakaa, akaegemeza sikio ukutani. Upande wa pili Mjomba na Shangazi walikuwa bado wanabishana. Mvuke wa pasi ya fundi ulipanda polepole kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kitambo sikujua tena nani amekaa nyuma ya pazia, kaka au Mama, wala kama mimi niko macho. Kisha nikamwona Chifu akisimama na kupapasa kiti, huku na huku, kama mtu anayetafuta mwenzake kitandani.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo, kaka."

"Wewe upo."

"Nipo. Na fundi yupo."

Akasikiliza tena ukutani. "Mjomba yupo," alisema, na fundi akashindwa kuzuia kicheko.

Akauchukua mtandio, akauweka begani, akazunguka hadi mlango wetu wa mbele. Ulikuwa wazi, lakini hakuingia. Akagonga fremu.

"Hodi. Nimerudi."

Shangazi akasogea kumpisha. Mjomba akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Karibu, mpwa wangu. Chakula kinapoa."

Chifu akanawa, tukasali, akala hadi sahani ikawa nyeupe. Nikamfungulia kiganja chenye vidonge, akavimeza.

"Leo nimepiga kelele?" Mjomba akamuuliza.

Chifu akafikiri. "Kidogo."