Mtani aliyekataa kutoka kaburini

Kaka yangu aliuawa stendi ya Igunga akila muhindi wa kuchoma. Hakuibiwa kitu. Aliyemuua hakumfahamu, aliwaambia polisi kwamba alijisikia tu. Vijana wa vijiweni wana neno la kifo cha namna hiyo, limekuja na mabasi kutoka Dar: kaenda hewa. Maana yake kauawa bila sababu yoyote.

Msibani kwetu Tabora neno hilo halikutosha. Kila aliyeingia alikuja na sababu yake. Mmoja alisema ng'ombe, mwingine kiwanja. Jirani aliulaumu muhindi: angekula wali nyumbani kwake, yangemkuta? Shangazi alisema ni wivu wa mapenzi, akamtazama shemeji, mke wa marehemu. Tangu hapo wanawake hawakumpa nafasi mkekani. Alikaa mlangoni, kwenye ndala zetu. Nilimwambia shangazi si kweli.

"Basi kweli ni ipi?"



Siku ya kuzika alifika mtani wetu, mama wa Kizaramo anayekaanga mihogo sokoni, amevaa koti la marehemu. Sisi Wanyamwezi tunataniana nao tangu enzi za misafara, na msibani mtani hakatazwi mzaha wake mpaka apewe hela. Akashuka kaburini, akalala chali.

"Mtani, toka. Mchungaji anasubiri," shangazi akamwambia.

"Leo sitaki hela. Nataka sababu. Huyu kauawa kwa nini?"

"Wivu wa mapenzi."

"Nani kaona? Ashuke alale hapa na mimi, anisimulie."

Hakushuka mtu.

"Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, leo sababu moja inawashinda kuleta?"

Watu wakacheka. Mchungaji naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Waliobeba jeneza wakaomba walitue kwanza.

"Basi kaenda hewa," mtani akasema kutoka chini. "Shangazi, sema na wewe, nitoke."

Shangazi aliinama ukingoni mwa kaburi.

"Kaenda hewa," akasema taratibu, akampa mkono kumvuta.

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikunja miguu yake mkekani, akapigapiga pale palipobaki wazi. Shemeji akaja akakaa. Mtani alikuwa bado na koti la kaka, limejaa udongo mgongoni, anauliza chai ya wafiwa inachemshwa na nani.