Mungu Hajakula

Mama Hansa, mjane wa Kihindi aliyezaliwa hapa Lubumbashi, si mpole hata kidogo. Kila asubuhi anapika bukari, yaani ugali, na maharagi kwa wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula hospitalini. Kwa desturi yao, chakula huwekwa kwanza mbele ya sanamu ya Mungu wao Krishna, kikaimbiwa, ndipo watu wale. Juzi nyimbo zilirefuka, bukari ikaanza kupoa. Mama Hansa akasimama katikati ya sala, akabeba sufuria.

"Bhabhi, Mungu hajakula bado!" wifi yake Kokila akafoka. "Kumpenda hujui?"

"Wewe mpende kwa kuimba, sikukatazi. Na ni kweli hajakula, tangu jana! Amelala kitanda cha mwisho, karibu na choo. Nipishe nimpelekee."