Wakili wa Hati za Amana

Fundi cherehani alikuwa ameambiwa kwamba wakili huyu ana wazimu wa makaratasi, lakini hakutegemea kumkuta amevua viatu. Hakai kitini. Anaizunguka meza kwa soksi, kalamu sikioni, na kila akifika dirishani anageuka na wazo jipya. Vidole vyake vinene vilichora nyumba ya fundi, ile yenye wapangaji sita, vikaizungushia duara. "Hii ndiyo amana, mama. Nyumba inaingia humu, wewe na dada yako mnaisimamia, wanao wananufaika." Alipofika kwenye kodi ya serikali, sauti ikampanda kama mtangazaji wa mpira. "Pango la wapangaji likilala ndani ya amana, serikali inakata fungu nono! Likigawiwa wanao watatu, kila mmoja anakatwa kidogo, kwa kiwango chake. Kihalali kabisa!" Akapiga meza, chai ikamwagika, akaifuta kwa tai yake bila kunyamaza.

Moyo wa fundi nao ulikuwa unaruka. Akashika kalamu asaini hati ya amana iliyokuwa mezani. Ghafla kiganja cha wakili kikatua juu ya karatasi, na mtu yule akaketi. "Soma hapa kwanza, polepole," alisema kwa sauti ya chini. "Ukishasaini, nyumba si yako tena. Hutaiuza peke yako, hata ukikosana na wanao."

Fundi aliusoma mstari ule mara tatu. Miaka kumi na tisa ya kushona ilikuwa ndani ya nyumba ile. "Na wao wakigombana, hawataiuza?"

"Hawataiuza."

"Basi ondoa mkono, baba," alisema akicheka. "Unanichelewesha."