Mmea Uliofunga Kabla ya Taa Kuzimwa

Fundi saa alihamishia kazi yake nyumbani mwaka ule watu walipozoea kutazama saa kwenye simu. Wateja waliobaki walikuwa wachache na wenye subira. Meza ya kazi ikakaa sebuleni, karibu na dirisha, na kando yake, juu ya kabati la vyombo, likakaa tangi la kioo lenye samaki wadogo tisa na mimea ambayo fundi aliipenda kuliko samaki.

Aliipanda kwa kibano kilekile cha kushikia skrubu za saa. Alikata shina chini ya kifundo, akaondoa majani ya chini, akalichomeka kwenye changarawe, kisha akaliachia taratibu lisije likaelea. Likielea, alianza upya bila kununa.

"Mwanamume huyu," mkewe alikuwa akisema, "anaweza kubembeleza unyasi nusu saa nzima. Mwite kula, atakwambia 'nakuja' mpaka chakula kipoe."

Mkewe alikuwa muuguzi. Kila siku alirudi saa kumi jioni, miguu imevimba, akaketi mbele ya tangi. Mwanzoni lilimpumzisha. Kisha ukoga ukaanza. Kioo kilipata vumbi la kijani, majani yakaota nyuzi kama nywele zisizochanwa, mwisho maji yenyewe yakawa ya kijani na samaki wakawa wanapita kama watu kwenye ukungu.

"Mzee wangu, hili sasa ni dimbwi," akasema. "Tena linanuka. Kutwa nashinda na vidonda. Nikirudi nataka kuona kitu kizima. Likiwa hivi mwisho wa mwezi, kaka yangu alichukue."

Kaka yake, kinyozi, alikuwa amelitamani tangi hilo siku nyingi, liwanyamazishe watoto wanaolia wakinyolewa. Aliposikia, hakungoja hata kesho kupiga simu.

"Shemeji, usijali. Hiyo mimea nitaing'oa, niweke ya plastiki. Haili, hainywi, haifi."

Neno la mwisho lilimkaa fundi rohoni. Kitu kisichokufa, alijiuliza, utakitazama kwa hamu gani?

Zilibaki wiki tatu. Alibadili maji, akakwangua kioo, akachambua nyuzi moja moja. Ukoga ukarudi. Akabadili tena, ukarudi tena, kama mgeni aliyesahau kofia.

Ndipo siku moja, saa ya mteja ikiwa wazi mbele yake, aliinua macho akaona jambo. Mmea mrefu wa nyuma, wenye majani membamba kama manyoya, ulikuwa umefunga vichwa vyake. Majani ya juu yote yalikuwa yamekunjwa, kama miavuli. Taa ya tangi bado ilikuwa inawaka. Akatazama ukutani: saa kumi na moja na robo.

Akadhani unaumwa. Asubuhi akaukuta umefunguka vizuri. Saa kumi na moja na robo ukafunga tena. Siku ya tatu vilevile, labda dakika mbili mbele.

Hapo fundi akasahau ukoga, akamsahau na shemeji. Miaka thelathini alikuwa amerekebisha vyombo vinavyopoteza majira, na hiki, kisicho na springi wala gurudumu, hakikuhitaji mtu. Huenda kilifuata jua? Akaziba dirisha.

"Blanketi langu linafanya nini pale?" mkewe akauliza aliporudi, siku hiyo kachelewa.

"Linazuia jua. Njoo uone, mama. Utafunga sasa hivi."

"Nani atafunga?"

Akamweleza. Muuguzi akainama, mikono magotini, akatazama mpaka vichwa vikafunga, dirisha likiwa limezibwa vilevile. Kisha akauliza kama anavyomuuliza mgonjwa, "Taa hii unaiwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Na kuizima?"

"Tukienda kulala. Saa tatu."

"Saa kumi na tano!" Akajishika kiuno. "Wodini ukimwachia mtu taa hivyo, anakutukana. Huyu maskini hana mdomo, kajifunika mwenyewe. Ameshashiba. Sasa mwanga unaobaki anaula nani?"

Fundi akatazama zile nyuzi za kijani, nene, zenye afya tele. Aibu ilimshika. Taa ile alikuwa akiiwasha kwa ajili ya macho yake mwenyewe.

Tangu kesho yake ikawa inawaka saa tatu asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni. Majani yaliyoshikwa na nyuzi akayakata. Wiki nzima hakukuwa na badiliko ila moja, nalo lilimsahaulisha kazi: mmea ulikuwa unarudisha saa yake nyuma kidogo kidogo, kila siku ukifunga mapema zaidi, mpaka ukatulia kwenye saa kumi na nusu. Wiki iliyofuata maji yakaanza kung'aa. Samaki wakahesabika.

Siku ya mwisho wa mwezi kinyozi alibisha hodi, ndoo mkononi. Alimkuta dada yake amekaa mbele ya tangi, mkoba bado begani.

"Dada, nimekuja kuchukua..."

"Ssh. Unafunga."

"Nini kinafunga?"

"Chuchumaa, utazame."

Akachuchumaa. Wote watatu wakatazama. Kila mmoja angeapa kwamba majani hayajasogea, mpaka wakayaona yamesimama wima, yamebanana.

"Taa si inawaka?" kinyozi akanong'ona. "Nani kauambia?"

"Hata mimi ndicho ninachouliza," fundi akasema.

Kinyozi akageuka kwa dada yake. "Kwa hiyo tangi...?"

"Tangi lipi? Maji unayaona. Halitoki hapa."

Kinyozi akajikuna kidevu. "Basi nikatieni hata kishina kimoja. Kwenye chupa tu, pale kwangu mbele ya kioo." Kisha akakunja uso. "Lakini shemeji, mimi nafungua saa nne. Kikifika kwangu kitafuata saa zako, au zangu?"

"Sijui," fundi akasema, na uso ukamchangamka. "Kakitazame wewe, halafu uje uniambie."