Fomu za kanisani zilitoka safi mno, nusura tukose grant

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Laurel, Maryland, Marekani, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni msaidizi wa Dr. Miriam, mwanasaikolojia Myahudi. Anatafiti kama kumsikiliza mtu uso kwa uso kunapunguza chuki dhidi ya Wayahudi. Wafadhili walitaka kwanza jaribio dogo. Wasiporidhika, hakuna grant, na mimi narudi kwenye kazi yangu ya zamani kule Herndon, kubeba maboksi ghalani. Mgongo wenyewe ndio huu!

Nikapendekeza kanisa letu, wengi ni Wakongo na Warundi. Kosa langu: nilimwomba mchungaji atutangazie. Akatangaza, huku akininyooshea kidole, "Tumepata mgeni, tusimwaibishe mtoto wetu."

Mmeshaelewa.

Dr. akaja, tukagawa fomu palepale kanisani, zote zikarudi zinafanana: chuki hatuna, uvumi hatuamini. Watu wetu na mgeni, jamani! Hata mimi nilijaza hivyo hivyo, nikashangilia kama mjinga.

Kwenye chai, Maman Espérance wa kwaya akaninong'oneza: "Docteur yako iko muntu muzuri. Lakini si njo bo banaongozaka dunia yote mu siri?"

Fomu yake niliipokea mimi, na aliandika haamini kwamba Wayahudi ndio wanaoongoza dunia kwa siri.

Nilitamani kunyamaza, maana data zilipendeza. Kesho yake nikamwambia Dr. yote. Hakukasirika. Aliwaandikia wafadhili kwamba tumepima adabu, si moyo, akaomba turudie: fomu bila jina, zijazwe nyumbani, zirudi kwenye bahasha iliyofungwa. Wakakubali.

Safari hii Dr. alianza kwa kusimulia pale kanisani, mimi nikitafsiri, jinsi majirani walivyomzushia babu yake mambo kabla ya kumfukuza. Maman Espérance akafuta machozi.

"Na sisi balisemaka ivi juu yetu," akasema, "mbele ya kutuchomea manyumba."

Yaani kwao pia uvumi ulianza kwanza, ndipo nyumba zikachomwa.

Bahasha zilirudi na ukweli, mwingine mchungu kweli. Wiki iliyopita email ikaingia: wafadhili wameridhika, grant imepita. Nilikuwa parking ya stesheni ya treni, nikapiga kelele hadi mama mmoja akafunga vioo vya gari. Aisee, nimepumua!

Nilichojifunza: jibu la kumfurahisha mgeni halimsaidii mgeni.

Sasa niambieni, ungejaza ukweli mbele ya mchungaji wako? Mimi fomu ya pili niliijazia nyumbani, mlango nimefunga. Hata mimi nilikuwa na uvumi wa kukiri.